Kuendesha seva ya Freeciv nyumbani
Freeciv, mchezo wa mikakati usiolipiwa, ulianzishwa mwaka wa 1995 katika Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark. Una programu mbili: ya mchezaji, na seva, inayotunza ramani na kuamua matokeo ya kila zamu. Tarakilishi yenye seva ikizimika, mchezo hukatika kwa wote.

Wachezaji wa nyumba moja huingia bila taabu. Walio mbali huhitaji anwani ya intaneti ya mwenyeji, na ruta yake sharti ielekeze mlango nambari 5556 kwenye tarakilishi hiyo. Hapa ndipo wengi hukwama: aghalabu kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja, na mlango haufunguki hata ruta ipangwe vipi. Itabidi uombe anwani yako pekee, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Mchezo ukiisha, ufunge mlango huo.