Jinsi wapenzi wa falaki hunasa mawingu hafifu ya angani

USIKU wa Januari 23, 2004, Jay McNeil, mkazi wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, alielekeza darubini ndogo kwenye kundi la nyota la Orion akiwa uani mwa nyumba yake. Lenzi ya darubini hiyo ilikuwa na kipenyo cha sentimita 7.6 pekee. Alipozikagua picha zake baadaye, aliona doa la mwanga karibu na nebula ya Messier 78, doa ambalo halikuwa katika ramani za anga.

Ilibainika kwamba hilo lilikuwa wingu la vumbi lililomulikwa na nyota changa, V1647 Orionis. Nyota hiyo ilikuwa imeng’aa ghafla baada ya kufyonza kwa wingi gesi na vumbi vinavyoizunguka. Wataalamu wenye darubini kubwa waliigeukia mara moja, kwani ni nadra kuishuhudia nyota ikikua kwa namna hiyo. Wingu hilo, ambalo leo huitwa Nebula ya McNeil, lilififia kufikia 2006, likarejea 2008, kisha likatoweka tena 2018. Lau picha hiyo haingepigwa wakati ule, huenda mwanzo wa tukio hilo ungepita bila kutambuliwa.

Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi lililo kati ya nyota. Baadhi hutoa mwanga wao wenyewe, maadamu gesi ya haidrojeni huchochewa na nyota zenye joto kali. Nyingine huakisi tu mwanga wa nyota jirani. Mfano wa aina hii ya pili ni utando wa rangi ya samawati uliokizingira Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani wamekitumia tangu jadi kubashiri misimu ya kulima.

Jicho la binadamu haliwezi kuuona utando huo vyema kwa sababu halina uwezo wa kuhifadhi mwanga. Kamera, kwa upande wake, hulimbikiza mwanga mithili ya mtungi unaokinga matone ya mvua usiku kucha. Daktari Henry Draper wa New York alilithibitisha hilo Septemba 30, 1880, alipopiga picha ya kwanza ya Nebula ya Orion kwa kuacha kamera wazi kwa dakika 51. Miaka mitatu baadaye, mhandisi Andrew Ainslie Common, akitumia darubini iliyokuwa katika bustani ya nyumba yake huko Ealing, Uingereza, alipata picha iliyoonyesha nyota ambazo jicho halikuziona hata kupitia darubini ile ile.

Kikwazo cha kwanza ni mzunguko wa dunia. Anga huonekana ikisogea digrii 15 kila saa, hivyo kamera isiyofuata mwendo huo hutoa michirizi badala ya nyota. Darubini hulazimika kuwekwa juu ya kitako chenye mota, ambacho mhimili wake umeelekezwa kwenye ncha ya anga. Wanaoishi kaskazini mwa dunia huitumia Nyota ya Kaskazini kama kielelezo. Jijini Nairobi, hata hivyo, ncha ya kusini iko zaidi kidogo ya digrii moja tu juu ya upeo wa macho, na aghalabu hufichwa na miti au majengo. Mpigapicha hana budi kuchunguza namna nyota inavyohama polepole katika kamera, kisha kurekebisha mhimili hadi itulie.

Pili, picha moja haitoshi. Kila picha huwa na chembechembe za kelele zinazotokana na kamera na mwangaza wa anga. Zinapounganishwa kwa kompyuta, mwanga wa nebula hujumlishwa ilhali kelele, kwa kuwa haina mpangilio, huongezeka kwa kiwango kidogo. Picha nne huimarisha ubora maradufu, na picha 100 huuimarisha mara 10. Ndiyo sababu kazi moja yaweza kuchukua mikesha kadhaa.

Vilevile, hutumika vichujio vinavyopitisha rangi moja tu, hasa ule wekundu wa haidrojeni wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 656.3, au kijani cha oksijeni cha nanomita 500.7. Kupitia njia hiyo, watatu wasio wataalamu wa falaki kwa ajira, Marcel Drechsler wa Ujerumani pamoja na Xavier Strottner na Yann Sainty wa Ufaransa, waligundua tao kubwa la oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda. Walitumia darubini ya milimita 106 na zaidi ya saa 100 za picha zilizopigwa nchini Ufaransa, wakatangaza ugunduzi huo Januari 2023. Urefu wa tao hilo angani unazidi mara mbili upana wa Mwezi mpevu, ilhali galaksi hiyo ilikuwa imepigwa picha kwa zaidi ya karne moja.

Kenya ina fursa ya pekee katika shughuli hii. Kwa kuwa ikweta hupita humu nchini, Orion hupaa hadi karibu na utosi, na Nebula ya Carina, ambayo wakazi wengi wa Ulaya hawaioni kamwe, hufika takriban digrii 30 juu ya upeo wa macho jijini Nairobi. Isitoshe, Januari na Februari, miezi ambayo Orion iko juu mapema usiku, kwa kawaida huwa ya kiangazi.

Hata hivyo, fursa hiyo inaweza kupotea. Taa za zamani za sodiamu zilitoa rangi chache ambazo vichujio vingeweza kuzizuia kwa urahisi. Taa nyeupe za LED zinazochukua nafasi yake husambaza mwanga katika rangi nyingi, zikiwemo zile za nebula zenyewe. Setilaiti nazo zimeongezeka kwa kasi tangu 2019, na michirizi yake hulazimika kuondolewa kwa programu.

Tofauti na uchafuzi wa mito, uchafuzi huu hukoma papo hapo chanzo chake kinapodhibitiwa. Taa ya barabarani ikifunikwa juu ili imulike chini pekee, mpita njia huendelea kuiona njia yake, naye mpenzi wa nyota aliye uani hurejeshewa sehemu ya giza lake.