Kitai: Makaa Yanatoka, Umeme Unaingia

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, Kitai ndipo njia inapochepuka kuelekea Ruanda, Lituhi na Ziwa Nyasa. Hapo utapishana na malori ya makaa ya mawe yakitoka mgodi wa Ngaka, turubai zimefungwa kamba, vumbi jeusi likiwa limeganda hadi kwenye mbao za ubavuni.

Makaa hayo yanajulikana siku nyingi. Mwaka 1932 mjiolojia G. M. Stockley alichapisha taarifa yake kuhusu makaa ya bonde la Ruhuhu, lakini Ngaka ilianza kuchimbwa mwaka 2011 tu, kwa ubia wa Shirika la Taifa la Maendeleo na kampuni ya Australia. Serikali ilipozuia makaa ya nje mwaka 2016, viwanda vya saruji vikaelekeza magari yao huku.

Nishati iliyomo ndani ya pande la makaa ni ya kiumeme tangu mwanzo. Katika kila atomu kuna chaji chanya katikati na elektroni zinazovutwa nayo. Kaboni ikikutana na oksijeni motoni, chaji hizo hujipanga upya katika mkao wenye nishati ndogo zaidi, na tofauti ndiyo joto tunaloliona. Kilo moja ya makaa mazuri hutoa joto la uniti 7 hivi. Mtambo wa kawaida huzigeuza kuwa uniti 2 na kitu za umeme.

Hesabu ya mikao hiyo ya chaji tunadaiwa na George Green, mtoto wa mwokaji mikate na msaga ngano wa Nottingham, Uingereza, aliyesoma shule takriban mwaka mmoja tu utotoni. Mwaka 1828 alichapisha kijitabu kwa michango ya watu waliokiagiza. Badala ya kufuata msukumo wa kila chaji, aliipa kila sehemu ya anga namba moja, potenshali: nishati ambayo kila kipimo cha chaji kingekuwa nayo mahali hapo. Ukijua namba za sehemu mbili, unajua kazi itakayofanyika kati yake. Tofauti hiyo ndiyo volti ya fundi umeme. Volti ya mahali pamoja peke yake haimwambii kitu. Lazima aseme kati ya wapi na wapi.

Na hapo kwenye volti ndipo Ruvuma, mkoa wa Songea na Mbinga, ilipokwama kwa miaka mingi. Haikukosa nishati, ilikosa waya wenye volti kubwa. Songea na Mbinga ziliwashwa kwa jenereta za dizeli, mafuta yakiletwa kwa barabara huku makaa yakiwa karibu. (Kichekesho hicho sijaona kikizungumzwa inavyostahili.) Masista Wabenediktini wa Chipole ndio waliothubutu: mwaka 2015 mtambo wao wa Tulila, katika Mto Ruvuma, ulianza kuiuzia TANESCO umeme wa maji.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2018, laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, takriban kilomita 250, ilipofika Songea kwa msaada wa Sweden. Ukisafirisha megawati 10 kwa kilovolti 33, waya hubeba takriban ampea 175. Kwa kilovolti 220 hubeba 26 tu. Upotevu hufuata mraba wa mkondo, hivyo kwa waya uleule unapungua mara 44. Jenereta za Songea na Mbinga zikazimwa.

Vijijini, safari ya umeme huishia kwenye transfoma juu ya nguzo. Upande mmoja kilovolti 33 zimeshikwa na vikombe vya kaure, upande wa pili zinatoka volti 400 kati ya waya na waya, 230 kwenda nyumbani, zikitosha kinu cha kukoboa kahawa na balbu ya dukani.

Laini ya Makambako haichagui upande. Umeme wa Tulila ukizidi mahitaji ya Songea unaweza kupanda hadi Makambako na kuingia gridi ya taifa. Mtambo wa umeme wa makaa wa Ngaka, nao, ulitajwa katika mipango tangu mgodi unaanza. Hadi sasa makaa yanapakiwa kwenye malori, mengine yakienda bandari ya Mtwara kuwaka katika mitambo ya nchi za mbali.