Kibarua, kipande na viza

JUMA lililopita nilivuka feri kwenda Likoni kumsaidia mpwa wangu kujaza fomu ya viza. Ni kibarua bandarini. Tukakwama palipotakiwa barua ya mwajiri. "Mjomba, leo naitwa na huyu, kesho na yule. Barua n'andikiwe na nani?"

Ajabu ni kwamba jina la kazi yake lenyewe ni barua. 'Kibarua' kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Karatasi ikawa kazi, kisha ikawa mtu.

'Kipande' kina kisa kichungu zaidi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa muongo huo. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande chenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi walikitia katika kijaluba cha chuma na kukining'iniza shingoni, mithili ya kengele ya mbuzi. Hilo ndilo tunalolikumbuka sana, ila uzito wote ulikuwa katika sahihi. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi aliyeondoka alihesabiwa mtoro, akasakwa kwa vidole vyake mwenyewe. Harry Thuku alikipinga kipande. Alipokamatwa Machi 1922, waliokusanyika Nairobi kumdai walimiminiwa risasi. Kipande cha shingoni kimekwisha, jina tumebaki nalo: askari akikusimamisha Changamwe usiku, bado atakuuliza, "Kipande kiko wapi?"

Sasa rudi kwenye fomu yetu. Vidole, mshahara, na barua ya mwajiri kwamba amekupa ruhusa na kazi yako yakungoja. Nakubali, viza huombwa kwa hiari, kipande kilikuwa lazima. Lakini mantiki ya sahihi ni ile ile: asiye na bwana wa kumdhamini huonekana mtu wa kutoroka. Kenya nayo ilifuta viza kwa wageni Januari 2024, ikaweka idhini ya mtandaoni, nayo hulipiwa. Jina limebadilika, basi.

Penye 'kazi' tuliandika kibarua, kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilitushinda sote wawili. Barua hatukuipata. Ada imeshalipwa, na hairudishwi. Mpwa wangu yuaja kuitwa wiki ijayo.