Nani Kasema Tex-Mex Siyo Chakula Halisi?

Kila tukizungumzia chakula kwenye podikasti, lazima atokee mtu wa kusema Tex-Mex siyo chakula cha Kimeksiko, ni mambo ya kubuni ya Wamarekani. Husema kwa uhakika ule ule wa shangazi anayekwambia Kiswahili chako siyo Kiswahili. Basi leo tuchukue bakuli moja la wali wa Tex-Mex, la kushibisha watu wanne, ambalo unaweza kulipika jioni hii hii. Tulipike tabaka kwa tabaka, na kila tabaka tuliulize limetoka wapi. Halafu tutarudi kwenye hilo neno "halisi".

Jina lenyewe ni la treni. Reli iliyounganisha Corpus Christi na Laredo, mpakani, ilipewa jina la Texas Mexican Railway mwaka 1881, na watu wakalifupisha: Tex-Mex. Miaka mingi baadaye ndo neno likahamia kwenye sahani.

Na ardhi yenyewe? San Antonio ilianzishwa na Wahispania mwaka 1718. Meksiko ilipopata uhuru mwaka 1821, Texas ikawa sehemu yake. Walowezi kutoka Marekani wakaingia kwa wingi, na wengi wao walikuja na watumwa. Meksiko ikapiga marufuku utumwa mwaka 1829, chini ya rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na asili ya Kiafrika, na ugomvi ukapata sababu moja zaidi. Mwaka 1836 Texas ikajitenga. Mwaka 1845 ikaingia Marekani, vita vikafuata, na mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 ukaufanya mto Rio Grande kuwa mpaka.

Sasa fikiria mwanamke aliyezaliwa San Antonio mwaka 1815. Amezaliwa chini ya Hispania, amekulia chini ya Meksiko, ameolewa chini ya Jamhuri ya Texas, amezaa chini ya Marekani, na mwaka 1861 Texas ilipojiunga na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, akaona bendera ya tano. Yote hayo bila kuhamisha hata sufuria. Huyo anaitwa Mtejano, na chakula tunachokizungumzia kilianzia jikoni kwa watu kama yeye. Utamwambia nini kuhusu chakula halisi cha nchi yake? Nchi ipi?

Haya, twende jikoni.

Tabaka la kwanza ni wali. Chukua vikombe 2 vya mchele mrefu, uoshe, uuchuje. Pasha mafuta, kaanga mchele mkavu mpaka uanze kubadilika rangi na kunukia. Weka kitunguu kimoja na punje 3 za kitunguu saumu, kisha nyanya 2 zilizosagwa, chumvi, na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Mimina vikombe 3 vya supu ya kuku, funika, punguza moto. Dakika 18 hivi, zima, uache upumzike bila kufunuafunua.

Umeona? Unakaanga kwanza, unachemsha baadaye, na bizari nyembamba ndani. Mtu aliyekulia na pilau mkono wake unajua kazi hii kabla hajaambiwa. Na undugu upo kweli, ila ni wa mbali. Waarabu ndio waliofanya kilimo cha mpunga kishike mizizi Hispania, na mpaka leo Mhispania anauita mchele "arroz", neno la Kiarabu. Wahispania wakauvusha bahari hadi Meksiko. Bizari nyembamba nayo ni ya Ulimwengu wa Kale, ikapanda merikebu hizo hizo. Wapishi wa Texas wanaitumia kwa wingi kuliko wenzao wa ndani ya Meksiko, na hiyo harufu ndo inayokwambia umefika Texas.

Mchele wa Texas una mkono mwingine pia. Mwaka 1903 Seito Saibara, aliyewahi kuwa mbunge huko Japani, alifika Webster, karibu na Houston, akaanza kulima mpunga, na mbegu za Kijapani zikafuata. Kwa hiyo hata huo mchele wenyewe una historia ya wahamiaji.

Tabaka la pili ni maharage. Texas wanapenda yale ya madoadoa. Yaloweke usiku kucha, yachemshe na kitunguu na jani la bei mpaka yalainike. Chumvi weka mwishoni. Kama huna muda, kopo mbili zinatosha, hakuna atakayekushtaki.

Hapa ndipo hadithi inapotugeukia sisi. Maharage haya ya kawaida, haya tunayoyaunga kwa nazi na kuyaita chakula cha nyumbani, asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko na wa milima ya Andes waliyalima maelfu ya miaka kabla hayajafika Afrika. Mahindi nayo ni ya Meksiko. Hakuna ugali wa mahindi Afrika kabla ya meli za Ulaya kuvuka Atlantiki. Lakini sikiliza tunavyoyaita: mahindi. Jina linaelekeza India! Wazee wetu waliona kitu kigeni kinaingia kwa njia ya bahari, wakakipa jina la ng'ambo waliyoijua.

Pilipili imefanya ujanja mkubwa zaidi. Zamani jina hilo lilikuwa la ile pilipili nyeusi ya Asia. Ilipofika hii kali nyekundu kutoka Amerika ikalichukua jina, na ya zamani ikabidi iongezewe ukoo ili itambulike: pilipili manga, yaani ya Umanga, Uarabuni. Mgeni amechukua jina la mwenyeji, mwenyeji akabaki kuitwa mgeni. Kwa hiyo siku nyingine mtu akikwambia chakula cha Kimeksiko hakituhusu, muulize jana alikula nini.

Tabaka la tatu ni nyama. Ratili moja ya nyama ya kusaga, ikaangwe mpaka maji yakauke na ianze kushika rangi. Weka kitunguu, kijiko kimoja na nusu cha chakula cha ule unga wa Texas unaouzwa kwa jina la chili, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, na maji nusu kikombe. Acha itokote dakika 10. Angalizo: huo unga siyo pilipili kavu ya kusaga ya nyumbani. Ni mchanganyiko wa pilipili za upole, bizari nyembamba, kitunguu saumu na oregano. Ukiweka pilipili ya unga ya kwetu kwa kipimo hicho hicho, mtalala na maji kitandani.

Aliyeufanya unga huo uwe biashara kubwa ni Mjerumani, William Gebhardt, mhamiaji aliyekuwa New Braunfels, Texas, miaka ya 1890. Lakini ladha aliyoitia kwenye chupa hakuianzisha yeye. Kwenye viwanja vya San Antonio, wanawake wa Kimeksiko walikuwa wakiwasha moto jioni, wakipanga meza na taa, wakiuza nyama iliyopikwa kwa pilipili kwa askari, wachuuzi na watalii. Waliitwa malkia wa chili. Ukiwaza mama lishe wa Dar au vibanda vya Forodhani usiku, hujakosea sana. Wageni waliwasifu, wakarudi makwao wakisimulia. Miaka ya 1930 idara ya afya ya jiji ikawabana kwa kanuni za usafi, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wametoweka viwanjani. Unga ukabaki madukani na jina la Gebhardt. Majina ya wengi wa wanawake wale hatuyajui.

Yaliyobaki ni ya juu. Mahindi ya kuchoma, yakwanguliwe. Nyanya mbichi, kitunguu, kotmiri na ndimu, yaani kachumbari, tusizunguke. Parachichi. Kijiko cha mtindi mzito. Na jibini ya njano iliyokwanguliwa, ambayo ndo huwaudhi zaidi watetezi wa uhalisi, maana ndani ya Meksiko jibini ya kawaida ni nyeupe. Pakua wali chini, maharage, nyama, kisha hivyo vingine. Kula kungali kuna moto.

Bakuli lenyewe, kwa taarifa yako, ni jipya kuliko vyote. Mtindo wa kuivua burrito chapati yake na kuiweka bakulini ulienezwa na migahawa ya haraka ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo una chombo cha juzi, chakula cha karne tatu, na mbegu za maelfu ya miaka.

Turudi kwenye "halisi". Mwaka 1972 Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi Meksiko, alitoa kitabu kiitwacho The Cuisines of Mexico. Alitaka wasomaji waone utajiri wa mapishi ya ndani ya nchi ile, akayatenganisha na sahani za mchanganyiko zilizouzwa kaskazini mwa mpaka. Robb Walsh, mwandishi wa Texas aliyechapisha historia ya Tex-Mex mwaka 2004, anaeleza kwamba baada ya hapo neno Tex-Mex likawa karibu na tusi. Familia zilizoandika "chakula cha Kimeksiko" mlangoni kwa miongo mingi zikajikuta zinaambiwa wanachopika siyo cha kwao.

Mimi simlaumu Kennedy kwa yote. Alikuwa sahihi kwamba mapishi ya Oaxaca au Michoacán ni elimu kubwa inayostahili kujifunzwa kwa heshima. Ninachokataa ni kuifanya elimu hiyo fimbo ya kumpigia mtu ambaye bibi yake alibaki San Antonio.

Na hapo ndipo tulipo sisi tuliokulia Houston, London au Muscat. Chukua sentensi "nimepaki gari". Paki ni Kiingereza, gari ni la Kihindi, na ile "nime" ndo ya Kibantu inayoshika vyote pamoja. Inasemwa Dar kila siku na hakuna anayegeuka. Ukiisema wewe kwa lafudhi ya Texas, watu wanacheka. Kilichobadilika ni msemaji, siyo lugha.

Hiyo siyo ruhusa ya kuacha kujifunza. Wapishi wa Texas hawakuhifadhi chakula chao kwa kubishana juu ya jina. Walikipika kila siku, wakawalisha watoto, wakajifunza mkono wa mama zao kwanza ndipo wakaongeza wao. Kwa hiyo jifunze ngeli, muulize bibi neno usilolijua, soma. Na wakati unajifunza, endelea kuongea hicho ulichonacho, maana lugha isiyopikwa kila siku huchacha.

Wali uliobaki weka kwenye friji. Kesho asubuhi kaanga na yai.