Kumbukumbu ya simu: kosa la mtunga programu linavyoacha mlango wazi

Mwezi wa tano 2019, WhatsApp iliomba watu wote duniani wafanye mise à jour haraka. Sababu: mtu aliweza kuingiza programu ya upelelezi katika simu yako kwa kukupigia tu kupitia WhatsApp, hata usipopokea. Mara nyingine ile simu ilifutika kwenye orodha. Unaamka asubuhi, hauone kitu.

Haikuwa uchawi. Ni watunga programu waliokosea kupima nafasi katika kumbukumbu.

Kumbukumbu hii haiko ile ya kutunza picha na nyimbo. Ni ile ya kazi, inayotumika wakati programu imefunguliwa na kuwa tupu simu ikizimwa. Uione kama avenyu ndefu yenye lupango zilizopangwa kwa namba. Programu inaomba kiwanja kwa mfumo wa simu, inapewa, na ikimaliza kazi inarudisha. Mu lugha za programu kama C, iliyozaliwa miaka ya 1970, na C++, hakuna mtu anayesimama kulinda mpaka. Mtunga programu ahesabu mwenyewe.

Sasa chukua mfano. Ameomba nafasi ya herufi 100, ujumbe unakuja na herufi 300. Kama hakuweka kipimo, programu inaendelea kuandika tu, na herufi 200 zinaangukia kwa jirani. Sisi wa Kindu tunajua magomvi ya mipaka ya lupango yanaishia wapi. Lakini ndani ya simu, jirani anaweza kuwa ndiye anayetunza amri ya kitu simu itafanya baadaye. Mwizi mwenye akili anaandika pale amri yake. Kwenye WhatsApp kosa lilikuwa katika sehemu ya kupiga simu, na simu inaanza kusoma vipande vya data vinavyotumwa hata kabla haujapokea.

Wengi wanakosea juu wanaamini urefu ambao mtumaji mwenyewe ametangaza. Wengine wanasema: «kwangu imetembea vizuri, basi ni sawa.» Hapana. Pengine ziada iliangukia kiwanja kitupu, na kosa linalala miaka.

Kuna wanaorudisha kiwanja lakini wanabaki na ufunguo: programu inarudi kuandika mahali ambapo mwingine amekwisha kuhamia. Kuna wanaosahau kurudisha. Simu inakuwa nzito, programu inajifunga, na sisi tunasema «virusi». Java inajifagilia yenyewe, ndiyo, lakini haifagie kitu ambacho programu bado inakishika.

Na haya si makosa ya wanafunzi peke yao. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba karibu 70% ya matundu ya usalama iliyoyaziba katika programu zake yalitoka kwenye kumbukumbu. Kwa Android, Google inasema sehemu hiyo ilishuka toka 76% mwaka 2019 mpaka 24% mwaka 2024, baada ya kuandika programu mpya kwa lugha kama Rust, inayokataa kazi ambayo mwenye kiwanja hajulikani.

Kwa lile tundu la WhatsApp, simu za watu karibu 1,400 zililengwa, kwa programu ya Pegasus ya kampuni NSO Group ya Israeli. Zaidi ya 100 kati yao walikuwa watetezi wa haki za binadamu na waandishi wa habari. Kuna Wanyarwanda walio uhamishoni waliojulishwa kwamba nao walilengwa. WhatsApp ilishitaki NSO Oktoba 2019, na mahakama ya California ikaipa haki.

Huku kwetu mega ni pesa, kwa hiyo wengi wanachukua programu kwa rafiki, kwa Bluetooth, bila kujua ni ya mwaka gani. Kwa Android, tundu lile lilizibwa kuanzia namba 2.19.134. Namba ya simu yako utaiona ndani ya WhatsApp: Paramètres, halafu Aide, halafu Infos de l'application.