Betri ya ndege ndogo haibadilishwi bila idhini

Rubani wa ndege ndogo anayetoka Morogoro kuelekea Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, hutegemea betri pindi alteneta inapokufa angani. Injini huendelea kunguruma kwa magneto zake, lakini betri ikiisha, redio hunyamaza.

Betri mpya ikiwa ya aina ileile iliyoidhinishwa, fundi mwenye leseni huifunga na kutia saini katika kitabu cha kumbukumbu. Kuhamia betri ya lithiamu kutoka ya risasi na asidi ni marekebisho ya ndege, nayo huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Huo si urasimu mtupu: Januari 2013, Boeing 787 zote duniani zilizuiwa kuruka baada ya betri za lithiamu kuungua katika ndege mbili.