Gari la Kale, Injini Mpya

Wahenga walituachia methali mbili ambazo hazikai nyumba moja. Moja yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine yasema mwacha asili ni mtumwa. Sijaona mahali zinapogombana waziwazi kama katika gereji za wale wanaong'oa injini ya gari dogo la zamani na kufunga ya kisasa. Wapo wanaoiita kazi hiyo ufufuo, na wapo wanaoiita uharibifu. Naona ni vizuri, kabla ya kuchagua upande, tupitie kwanza historia ya gari moja. Nimechagua Mini la Waingereza, ambalo watu wa rika langu waliliona barabarani hata huku kwetu.

Chanzo chake kilikuwa shida ya mafuta. Mwaka 1956 Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez, vita vikafuata, na kuanzia Desemba mwaka huo hadi Mei 1957 petroli iliuzwa kwa mgawo nchini Uingereza. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya British Motor Corporation, alimwagiza mhandisi Alec Issigonis atengeneze gari dogo la watu wanne lisilo na kiu ya mafuta. Akampa na sharti: injini iwe mojawapo ya zile ambazo kampuni ilikuwa nazo tayari. Issigonis, aliyezaliwa mwaka 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, akachukua injini ya ukoo ulioanza katika Austin A30 mwaka 1951.

Hapa pana jambo ambalo wabishi wengi hulisahau. Mini halikuzaliwa na injini yake peke yake. Liliazima ya kaka zake. Injini ilikuwa ya zamani kuliko bodi. Kilichokuwa kipya ni namna ya kuikalisha. Issigonis aliigeuza ilale kwa upana wa gari badala ya urefu, akaziweka gia chini yake, ndani ya sampu, hata injini na gia zikatumia oili moja. Rejeta akaiweka ubavuni. Magurudumu yakawa ya rimu za inchi 10, na mahali pa springi za chuma zikakaa raba alizobuni Alex Moulton. Kwa maarifa hayo, gari lenye urefu wa mita 3 na sentimita 5 tu likaacha karibu asilimia 80 ya sakafu yake kwa abiria na mizigo. Lilitolewa hadharani tarehe 26 Agosti 1959.

Magari ya majaribio yalikuwa na injini ya cc 948, na yalikimbia zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Wakubwa wa kampuni waliona mwendo huo umezidi kwa gari la namna ile, wakaamua injini ipunguzwe hadi cc 848, yenye nguvu za farasi 34. Kwa hiyo swali la injini ipi inalifaa gari hili liliulizwa kabla gari la kwanza halijauzwa, na jibu la kwanza lilikuwa ni kupunguza.

Miaka miwili baadaye jibu lilibadilika. John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, alishawishi kampuni itoe Mini lenye nguvu zaidi, na mwaka 1961 likatoka Mini Cooper la cc 997 na nguvu za farasi 55. Namwomba msomaji aangalie kilichofuatana na nguvu hizo: magurudumu ya mbele yalifungwa breki za diski mahali pa zile za dramu. Uzao wa gari hilo ndio ulioshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Watu husimulia injini. Breki hazisimuliwi, lakini bila hizo wale madereva wasingerudi nyumbani na vikombe.

Tamaa ya nguvu haikuishia hapo. Mwaka 1989 Honda ya Japani ilitoa injini iitwayo B16A, ya cc 1,595 na nguvu za farasi zinazofika 160. Siri yake iko katika valvu. Kila silinda ina kamu za aina mbili, za mwendo wa taratibu na za mwendo wa kasi. Injini inapozunguka sana, msukumo wa oili huzibana pini, na valvu huanza kufuata zile kamu kubwa. Ni kama mtu mmoja mwenye mapafu mawili ya ziada anayoyafungua akianza kukimbia. Haikuchukua muda mafundi wakaanza kuitia injini hiyo ndani ya Mini, gari lenye uzito wa kilo 600 hivi. Kutoka farasi 34 hadi 160 ni karibu mara tano.

Lakini injini hiyo haiingii hivi hivi. Gia zake ziko ubavuni, wala si chini, kwa hiyo nafasi ile aliyoibana Issigonis haiitoshi. Fremu ndogo ya mbele inayobeba injini lazima iundwe upya, na mara nyingi bodi yenyewe hukatwa au hurefushwa puani. Kisha zinafuata shafti za magurudumu, rejeta kubwa zaidi, pampu ya petroli yenye msukumo, nyaya na kompyuta ya kuongoza injini. Mwisho wa orodha, ambao ungepaswa kuwa mwanzo, ni breki, matairi na usukani. Fundi anayejua kazi huanzia huko. Fundi wa haraka huanza na injini na kumaliza na injini. Gari linawaka, mwenyewe anafurahi, mpaka siku atakapokutana na mteremko.

Huku kwetu tunaijua habari hii kwa zile Land Rover kuukuu zilizofungwa injini za dizeli za Kijapani. Zimebeba watu na mazao katika barabara za vijijini kwa miaka mingi, na sijamsikia abiria akiuliza kama bado ni Land Rover. Swali la asili huulizwa na mwenye nafasi. Mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali huuliza kama gari litafika.

Mimi nimekuwa mwalimu, na siwezi kuitafakari kazi hii bila kukumbuka shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote wa Tanzania, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu huko huko vijijini, wakifundisha huku wakijifunza. Injini ile ilikuwa na nguvu kweli, na watoto wengi ambao wasingeona ubao waliuona. Silibezi hata kidogo jambo lile. Lakini madarasa, madawati na vitabu vilikuwa vya gari la farasi 34. Kazi kubwa ya vyuo vyetu vya ualimu katika miaka iliyofuata ilikuwa ni kufunga breki na kukaza fremu wakati gari liko barabarani, na aliyewahi kujaribu kulitengeneza gari linalokwenda anajua ugumu wake.

Turudi kwenye suala la asili. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ilitumia alama kuamua kama gari lililobadilishwa bado ni lile lile. Bodi au chasi ambayo haijaguswa ilipewa alama 5. Usukani, ekseli, gia na springi alama 2 kila kimoja. Injini alama 1 tu. Gari lilihitaji alama 8 ili libaki na namba yake. Maana yake ni kwamba kung'oa injini hakukulinyang'anya gari jina lake. Hatari ilikuwa ni kuikata bodi ili injini mpya ipite, maana hapo zilipotea zile alama 5. Nadhani wenye sheria waliona mbali kuliko wabishi wa gereji: asili haitoki pamoja na injini, hutoka pale msumeno unapoingia.

Mini la Issigonis liliacha kutengenezwa Oktoba 2000, baada ya magari zaidi ya milioni 5. Mwaka 2022 kampuni ya MINI, ambayo sasa iko chini ya BMW, ilitangaza mpango wa kuyafunga magari hayo ya zamani mota ya umeme ya hadi kilowati 90, yenye kulipeleka gari kilomita 160 hivi kabla ya kuchajiwa tena. Kilichonivutia katika mpango huo ni jambo dogo: injini ya zamani ikitolewa hutiwa alama na kutunzwa, ili mwenye gari, au atakayelirithi, aweze kuirudisha. Mabadiliko yote yamekusudiwa yaweze kufutwa.

Basi msomaji ukinijia na gari lako la zamani ukitaka shauri, sitakuzuia kulitia injini mpya, wala sitakuuliza itakimbia kiasi gani. Nitakuuliza breki zake umezifanyaje, na ile injini ya zamani umeihifadhi wapi.